Milango Niliyoigeuza kwa Mkono Wangu

Rebeka mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia habari za blanketi, sabuni na wanaume wa Nairobi, kwa hiyo hayo sitayagusa. Nimekusikia ukimjibu "ndiyo, mama" huku unakunja nguo, na najua hukusikia hata nusu. Usijali. Hata mimi nilipoondoka kwetu sikusikia kitu.

Mmekwenda kuwaaga watu wa kanisa, na mimi nimesema mguu unaniuma. Mguu hauniumi. Nimebaki hapa karakanani, kwenye meza ya randa, kwa sababu kuna jambo ambalo nikikuambia kwa mdomo utaniangalia usoni, nami nitalipindisha. Najijua. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya nyumba yetu. Mimi mtu wa magharibi, mama yako binti wa vibarua wa pareto wa kule Dundori. Tangu tuoane tumependana na kugombana kwa Kiswahili, na wewe hukupewa nafasi ya kuchagua.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu ukiwa na miaka kumi na miwili umeamini kwamba mkono wa mama yako uliharibiwa na Bwana Ndoo. Lokesheni nzima, mtaa wetu huu wote wa Waafrika, inaamini hivyo. Watu husema mbele yangu, nami huitikia kwa kichwa, na miaka mitano imepita nikiitikia. Si kweli, Rebeka. Au tuseme si kweli yote. Mkono wa mama yako niliuharibu mimi. Kesho unapanda gari la moshi kwenda kujifunza kuuguza watu walioungua na kuvunjika, na siwezi kukuacha uende ukimchukia mtu mmoja kwa kosa la watu wawili.

Usikunje uso bado. Soma mpaka mwisho. Wala usidhani barua hii ni ya kumwombea msamaha yule mkaguzi wa Kizungu. Sijamsamehe na sina mpango huo.

Unakumbuka mama yako alivyoanza kufundisha kushona. Wanawake kumi na mmoja ndani ya chumba chetu kimoja, cherehani mbili, na wewe chini ya meza ukiokota pini. Wakawa ishirini. Wengine wakawa wanakaa nje na vitambaa mapajani, na ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, watu watano wakisimama pamoja barazani askari anakuja kuuliza wanazungumza nini. Ndipo wanaume wa lokesheni tukasema tujenge ukumbi. Tulinunua mabanzi kutoka kiwanda cha mbao, yale ya pembeni yenye magome ambayo hakuna mtu aliyeyataka, tukapata mabati ya zamani, na kila Jumamosi mchana tulijenga. Mchana wanawake wangeshona, jioni watu wazima wangesoma. Nilikuwa na furaha siku zile kuliko siku ya harusi yangu. Mama yako anajua, nimeshamwambia, na alininunia.

Ukuta uliposimama tukaambiwa hakuna mtu kuingia mpaka tupate cheti cha usalama wa moto. Bila cheti, ukumbi ungebomolewa. Basi nikaenda kuomba ofisi ya baraza la mji. Nilijaza fomu, nikachora ramani mwenyewe, na kwa kuwa karatasi kubwa sikuwa nayo, niliichora juu ya karatasi ya kufungia sukari. Karani wa pale dirishani, Zakaria, yule anayeimba sauti ya nne kanisani, aliipokea kwa vidole viwili.

"Fundi, hii ni ramani ama ni kifurushi?"

"Ni ramani. Pindua uone."

"Naona. Lakini mzee, Bwana hawezi kubali kitu inanuka sukari."

"Mwambie ailambe basi."

Zakaria alicheka mpaka akashika meza, halafu akanipa karatasi nyeupe chini ya dirisha, akitazama kushoto na kulia. Nilichora upya.

Ndipo Bwana Ndoo alipokuja kukagua. Jina lake halisi sikulijua wala sikulitaka. Wanawake walimpa jina hilo kwa sababu siku ya kwanza alizunguka ukumbi mzima hakusema neno, mwisho akasema, "Ndoo ya mchanga iko wapi?" Tukaweka ndoo nne. Akarudi baada ya wiki tatu akasema sita. Tukaweka sita. Akarudi akasema mabanzi yapakwe udongo na chokaa kwa ndani. Tukapaka, mama yako na wenzake, mpaka viwiko vikachubuka. Akarudi akasema mlango wa pili. Nikakata ukuta nikaweka mlango wa pili. Kila mara aliongeza jambo moja ambalo angeweza kulisema siku ya kwanza, na kila mara nilivua kofia nikasema "ndiyo, bwana," na moyoni nilikuwa namtukana kwa lugha zote ninazozijua. Sisi tuliomba jambo moja tu. Tuliomba bomba la maji karibu na ukumbi, maana bomba la lokesheni liko mbali na lina foleni. Alisema bomba si kazi ya ofisi yake. Ya nani? Akapanda gari lake.

Safari ya tano akashika mlango mkubwa, akausukuma, akauvuta.

"Mlango hii funguka ndani. Hapana mzuri. Geuza."

"Bwana, mlango wa nyumba ya watu hufunguka ndani."

"Geuza. Zote mbili. Watu mingi, moto kuja, watu sukuma. Mlango hapana funguka. Wewe elewa?"

"Naelewa, bwana."

Sikuelewa. Ngoja nikuambie ukweli: sikutaka kuelewa. Babu yako ndiye aliyenifundisha useremala, na alinifundisha kwamba mlango wa nyumba huingia ndani pamoja na mgeni. Mgeni anasukuma, nyumba inampisha. Mlango unaokuja nje kumpiga mtu kifuani ni wa zizi. Kwetu fundi akifunga hivyo kwenye nyumba ya watu, atachekwa mpaka ahame kijiji. Kwa hiyo niliposikia "geuza," nilisikia mtu akisema kwamba sisi ni ng'ombe, na ukumbi wetu ni zizi, na mimi ndiye nifunge lango. Damu ilinipanda kichwani hata sikuona vizuri.

Nikageuza. Nilihamisha bawaba zote sita, nikang'oa mbao za kuzuilia mlango nikazipigilia upande wa pili. Akaja, akavuta mlango, akaridhika, cheti kikatoka na mhuri wake. Tulikipigilia misumari ukutani. Wanawake walipiga vigelegele na mama yako akalia.

Jumamosi iliyofuata nilibaki peke yangu ukumbini, nikasema narekebisha viti. Nikazirudisha bawaba zote sita kama zilivyokuwa.

Sikumwambia mtu. Nani huangalia mlango unafungukia wapi? Lakini kila nilipomwona mtu akisukuma na kuingia, nilicheka ndani kwa ndani. Nilijiona shujaa. Nilikuwa nimemweza Mzungu, tena mbele ya mhuri wake mwenyewe, na hajui. Nilitembea mjini kifua mbele kwa sababu ya bawaba sita.

Siku ya maonyesho ya nguo unaikumbuka, lakini ulikuwa mdogo, na ulikuwa ndani. Mimi nilikuwa nje. Mvua ilikuwa imenyesha, kuna ile baridi ya mwezi wa saba, milango yote ilifungwa, na ukumbi umejaa kina mama na watoto. Kaa moja la pasi lilidondoka kwenye rundo la vipande vya pamba chini ya meza. Nilikuwa barazani na wanaume tukibishana habari za bei ya mahindi. Nikasikia kelele, halafu vishindo kwenye mlango.

Nikakimbia kuufungua. Nikasukuma. Rebeka, mimi nasukuma kwenda ndani, na wao wote wamejazana mlangoni wanasukuma kuja nje. Nilimsikia mtoto akilia upande wa pili wa ubao, karibu kabisa na uso wangu, na nilidhani ni wewe. Nilipiga kelele "rudini nyuma!" Nani arudi nyuma, na nyuma ndiko kuna moto? Mlango wa pili ulikuwa hivyo hivyo. Nikachukua patasi ning'oe pini za bawaba, mlango uanguke. Mlango unaofunguka ndani, bawaba zake ziko ndani. Laiti ningeziacha alivyotaka yule mtu, wangesukuma na mlango ungefunguka wenyewe; hata kama ungekwama, bawaba zingekuwa nje, mbele ya macho yangu, na ningezing'oa kabla hujahesabu hamsini.

Nilichukua shoka nikavunja ukuta wa pembeni. Mlitoka kwa tundu hilo mmoja mmoja. Ulitoka na kiatu kimoja na ulikuwa unakohoa, nikakushika nikakutupa kwa mtu wa nyuma yangu, sikumbuki nani. Mama yako hakutoka. Alikuwa amesimama katikati ya moto na watu, anauzuia. Ndoo za mchanga alikwisha kuzimwaga, zote sita. Alikuwa na koti la mtu analipigia moto, na koti lilipoisha akaendelea kwa mkono. Alitoka wa mwisho. Hakufa mtu hata mmoja, na hiyo ni kazi yake, si yangu wala ya cheti. Lakini vidole vya mkono wa kulia vilijikunja na havikukunjuka tena, na mwanamke aliyekuwa anakata gauni bila kupima akaanza kuomba mtoto wake amtungie uzi kwenye sindano. Mtoto huyo ni wewe.

Bwana Ndoo alikuja kesho yake. Mlango mmoja ulikuwa umeungua na wa pili tumeuvunja, hakuna aliyeweza kujua ilifungukia wapi. Alisema ni uzembe wa Waafrika, akafunga ukumbi. Watu wakakasirika. Wakasema, "Tuliomba bomba, akatunyima! Tungekuwa na maji mama wa Rebeka angekuwa na mkono!" Na hilo ni kweli, mwanangu, hata leo nitalisema mbele ya yeyote. Tuliomba maji tukanyimwa. Lakini mimi niliichukua kweli hiyo nikajifunika nayo gubigubi. Niliposikia watu wakinisifu kwamba nilipigana na ofisi kwa ajili yao, nilinyamaza. Uongo wangu wote ni kunyamaza huko.

Miaka miwili baadaye nilipata kazi ya kurekebisha sakafu kwenye klabu moja ya wakubwa wa Kizungu hapa mjini, ile sehemu wanayochezea dansi. Niliingia kwa mlango wa jikoni kama ilivyo desturi yao. Jioni nilipomaliza, hapakuwa na mtu, nikaamua nitoke kwa mlango mkubwa, nione watanifanya nini. Nikausukuma ukafunguka. Nikasimama. Nikaufunga, nikausukuma tena. Ulifungukia nje. Na wa pembeni vilevile. Kumbe milango yao wenyewe, ya watu wenye magari na mbwa wa kulala ndani, ilifunguka nje, na hakuna aliyekuwa anawaita ng'ombe. Nilikaa chini kwenye sakafu yao niliyoipiga randa mwenyewe, nikalia. Halafu nikaziangalia ndoo zao za mchanga. Zilikuwa mbili, na zimejaa vipande vya sigara. Sisi sita, wao mbili! Basi nikainuka, machozi na hasira pamoja, nikatoka kwa mlango mkubwa na boksi langu la vifaa, na hakuna aliyenizuia.

Ndicho ninachotaka uende nacho, na sijui kukisema vizuri. Yule mtu alitudharau, na sheria aliyokuwa ameishika ilikuwa njema. Sikuweza kuvitenga viwili hivyo. Nilidhani kila kitu kinachotoka kinywani mwake kimeoza kwa sababu kinywa ni chake. Huko uendako utaambiwa nawa mikono hivi, funga bendeji hivi, na atakayekuambia huenda akawa mtu asiyetaka kukaa meza moja nawe. Utataka kumkomoa. Una kichwa changu, najua utataka. Kabla hujamkomoa, jiulize ukifanya kinyume atakayeumia ni nani, yeye au mgonjwa aliyelala kitandani. Ikiwa ni yeye, mkomoe, mwanangu, na mimi nitacheka huku Nakuru. Ikiwa ni mgonjwa, nawa mikono, halafu mtafute yule mtu mlangoni umwambie usoni unachofikiria juu yake. Mimi sikumwambia usoni. Nilisema "ndiyo, bwana" mara tano halafu nikaenda kupigana naye kwa bisibisi, gizani mwa ukumbi mtupu, na aliyeumia hakuwa yeye.

Usije ukaelewa kwamba nakufundisha kuinamisha kichwa. Mtu akikuambia baba yako alikuandikia uwe mtiifu, mwambie hajaiona barua.

Sasa kuna fomu nyingine. Unajua tumejenga upya, kwa mawe safari hii, na kiwanja kitachukuliwa mwezi ujao kama hakuna cheti. Milango inafunguka nje, yote mitatu. Nimeifunga mwenyewe, na kama babu yako angekuwa hai angenicheka na ningemwacha acheke. Lakini fomu hii ina swali ambalo ile ya kwanza haikuwa nalo: je, jengo katika kiwanja hiki limewahi kupata moto, na sababu ni nini? Bwana Ndoo bado yupo, na ndiye atakayeisoma. Zakaria aliniambia kwa upole, "Andika pasi, fundi. Pasi si uongo. Ilianza na pasi." Wazee wa kamati wakasema vivyo hivyo. Wanasema nikiandika habari za bawaba, yule mtu atakuwa amepata alichokuwa anakitafuta miaka yote. Atasema huyu fundi ni mdanganyifu, na ukumbi utakwenda, na wanawake arobaini watarudi kushona nje. Wana haki ya kuogopa. Mimi mwenyewe naogopa. Mpaka Jumapili nilikuwa nimeamua kuandika pasi.

Jumapili baada ya ibada nikamwambia mama yako. Nilimwambia yote, bawaba zote sita, nikiwa nimesimama kama mshtakiwa. Alikuwa anachambua maharagwe kwa mkono wa kushoto. Hakuacha.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Si mimi ndiye nilikuwa nafagia ile holi? Nilikuta unga wa mbao chini ya milango yote mbili. Na matundu mapya ya skrubu. Nikajua umezigeuza."

"Tangu lini?"

"Tangu hiyo wiki."

"Na hukusema? Hata kabla ya moto?"

Hapo ndipo alipoacha maharagwe. "Nilicheka," akasema. "Nilicheka kama wewe. Hata mimi nilimwona yule mtu ni mshenzi. Kwa hivyo usinibebee mkono wangu peke yako, Baba Rebeka. Lakini baada ya moto nilingoja useme. Nikangoja sana. Hilo ndilo lilinikasirisha, si mkono."

Nilikaa chini nikamsaidia kuchambua maharagwe, na niliyachambua vibaya akayarudia.

Kwa hiyo sasa umejua, na wewe ndiye wa mwisho kujua nyumbani humu, jambo ambalo ni aibu yangu nyingine. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Gari la moshi ni refu, una muda mpaka Naivasha na zaidi. Ukinyamaza kesho pale stesheni nitaelewa, sitakusumbua. Nakupenda kuliko kitu chochote nilichowahi kukitengeneza kwa mikono hii. Nilikuwa nataka unione mkubwa. Afadhali unione nilivyo.

Fomu iko hapa mbele yangu, chini ya barua yako. Gari lako likishaondoka nitakwenda nayo ofisini, na safari hii sitaiacha dirishani kwa Zakaria. Nitaomba kumwona yule mtu mwenyewe, na nitasimama mpaka aisome. Akinyima, nitaomba tena mwezi huo huo, na mwezi unaofuata hata kama kiwanja kimekwisha kuchukuliwa, na maneno yatakuwa ni haya haya; hatapata mengine kutoka kwangu. Kwenye mstari wa sababu ya moto nimeandika kwa herufi kubwa, ili asiseme hakuona: MILANGO NILIIGEUZA MIMI. MAJI MLITUNYIMA NINYI.

Baba yako